Mwaka wa Kisu na Mwarobaini

Kicheko chake ndicho kilichonifikia kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya presha pale hospitali ya Mwananyamala, kadi mkononi, nimeshachoka kusubiri na nimeshamchoka bibi mmoja wa pembeni yangu aliyekuwa akinisimulia habari za magoti yake, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Muuguzi akatoka mlangoni akaita, "Bibi Felista!" Mtu akaitika benchi la mbele: "Nakuja, mwanangu, mie nataka, miguu ndiyo haitaki," halafu akacheka. Jamani, kile kicheko! Miaka arobaini na kitu sikuwa nimekisikia, na bado nilikitambua palepale. Nikavuta mtandio usoni. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nikajificha kama mtoto aliyevunja kikombe cha watu. Haikusaidia kitu. Alipotoka kwa daktari alinijia moja kwa moja huku akichechemea. "Zuhura! Zuhura wa Kisu! Usijifiche, nimekuona tangu unaingia." Akanikumbatia, ananukia mafuta ya nazi vilevile. Akanieleza kwamba amerudi Dar, anakaa Tabata kwa binti yake, na Jumamosi lazima niende nile naye chakula cha mchana. Nikasema nitakuja. Hiyo ilikuwa Jumatano. Tangu nilipofika nyumbani kwangu Kinondoni mpaka siku hiyo ya Jumamosi sikufanya kazi yoyote ya maana, nilikaa tu na mwaka ule mmoja.

Watu wakisimulia ujana wao husema walikuwa na wivu kidogo, basi wakacheka yakaisha. Mie sikuwa na wivu. Wivu ni wa mtu anayelinda chake. Mie nilikuwa na kijicho, na kijicho ni kutaka cha mwenzio kiwe chako, na kama hakiwi chako basi kisiwe chake. Nasema wazi kwa sababu nimefika umri ambao kujipamba hakuna faida. Nilimwonea Felista kijicho kuanzia siku aliyoingia na sanduku lake la bati kwenye chumba nilichopanga kwa Bi Kidawa, chumba cha tatu kushoto ukishapita ukumbi. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja, na dirisha moja la mbao lililofunguka uani. Kitanda cha dirishani kilikuwa changu. Bi Kidawa akaja na kopo lake la tambuu, akamtazama mgeni anavyotoka jasho, akasema, "Zuhura mwanangu, mpishe mwenzio dirishani. Katoka Songea huko kwenye baridi, hajalizoea joto letu." Nikampisha. Nilitandika kitanda cha ukutani huku natabasamu, na moyoni nasema loo, hata saa nzima hajamaliza.

Ikawa ndiyo desturi. Bi Kidawa akikaanga nguru, kipande kinene kitakwenda kwa "yule mtoto wa watu wa bara." Mie nilikuwa mpishi, wallahi, chapati zangu zilikuwa laini mpaka wapangaji wa vyumba vingine walikuja kuzinusa, na Felista alikuwa hajui hata kubandika maharage yasiungue. Akiyaunguza, watu wa uani watasema, "Yana ladha ya moshi, matamu." Zamu yake ya kupiga deki ikifika, utamkuta ameketi kwenye kinu anafundisha watoto wa nyumba nzima hesabu za kuzidisha, na mie ndiye nitakayeshika tambara. Hakuniomba. Ndicho kilichoniuma zaidi, hakuniomba hata siku moja, nami sikuweza kuona sakafu chafu nikaiacha. Alikuwa hajui kama kuna mashindano. Mie nilishindana naye kila siku, kutoka kupiga mswaki mpaka kuzima taa, na yeye hakujua.

Kazini tulikuwa pamoja vilevile. Ofisi yetu ya takwimu ilikuwa Chang'ombe, katika jengo lililowahi kuwa ghala, na bado ukisogeza kabati ulikuta punje za korosho. Tulikuwa wasichana kumi na wawili tukitoboa kadi. Karani anakwenda kijijini na dodoso, anaandika majibu, sie tunayageuza kuwa matundu kwenye kadi ngumu, kadi zinapangwa kwenye sanduku, dereva anazipeleka mjini kwenye kompyuta ya serikali, kesho yake zinarudi na karatasi ndefu zilizochapwa majedwali. Kompyuta yenyewe hatukuwa nayo; tulikuwa na saa zetu za kuazima kila wiki, na zikiisha zimeisha. Mkuu wetu aliitwa Ndugu Mahimbo, mtu wa kaunda suti na kalamu tatu mfukoni. Enzi hizo kila mtu alikuwa ndugu. Hata akikugombeza alianza, "Ndugu Zuhura," na hasira yake ikaonekana kama hotuba.

Mwaka ule zikaletwa tepe mbili, zawadi za nchi mbili za Ulaya, kila moja na programu yake ya kuchambua takwimu. Siku hizi mjukuu wangu ana programu za namna hiyo tatu kwenye kompyuta anayoibeba begani, akichoka na hii anafungua ile, na juzi ameniuliza ajifunze ipi. Nikamwambia amuulize mwalimu wake. Kwetu kuchagua programu kulikuwa kama kuolewa, ukishaingia umeingia, maana kadi zote zitatobolewa kwa mpango wake, makarani wote watafundishwa lugha yake, na saa za kuazima hazitoshi kulisha mbili. Programu ya kwanza ilikuja na kitabu kinene chenye jalada la buluu, na kilisema inaweza kila kitu: wastani, asilimia, michoro, mambo ambayo hata Ndugu Mahimbo aliyasoma akafunga kitabu taratibu. Sie wasichana tukaiita Mwarobaini, dawa ya maradhi arobaini. Ya pili ilikuwa ndogo, kitabu chake kurasa chache za stensili zilizofifia, na ilitaka uieleze kila safu ya kadi: inaanzia wapi, inaishia wapi, namba gani ni halali, namba gani si halali. Ukikosea inasimama. Hiyo tukaiita Kisu.

Nakumbuka siku ya kugawa. Chumba cha Ndugu Mahimbo kilitenganishwa na chetu kwa ubao mwembamba, na ukikaa mashine ya mwisho ulisikia kila kitu. Mie nilikaa mashine ya mwisho, kwa kupenda kwangu. Alikuwa anazungumza na naibu wake. "Kitabu kinene tumpe Felista," alisema. "Kiingereza chake ni cha misheni, na ana akili inayoruka. Yule ni hazina." Naibu akauliza, "Na kile kidogo?" "Kidogo mpe Zuhura. Zuhura ni mchapakazi." Mchapakazi! Punda naye ni mchapakazi. Nilitoboa kadi nane zikaharibika kwa hasira, na kadi zenyewe zilikuwa adimu mwaka ule kama sabuni. Mchana Felista akanijia na kitabu chake cha buluu, akasema, "Shoga, tumepata bahati, tusaidiane, eti?" Nikamwambia, "Eti."

Mpango ulitangazwa Jumatatu asubuhi tukiwa tumesimama mstari. Kila mmoja atachukua kadi zilezile, za kijiji kimoja cha ujamaa cha mkoa wa Pwani, dodoso la maji na kazi za akina mama. Felista atazipitisha kwenye Mwarobaini, mie kwenye Kisu. Kamati itakaa Ijumaa ya wiki itakayofuata, itatazama majedwali ya kila mmoja na kuchagua programu ya ofisi. Yule ambaye programu yake itachaguliwa atakwenda Ulaya kusoma miezi tisa, akirudi atakuwa mwalimu wa wenzake. Mwingine hakusemwa atakuwa nani. Sikulala vizuri tangu hapo. Sikuwa nimewahi kuvuka hata kwenda Unguja. Nilijua kabisa kwamba sitapata tena nafasi ya namna hiyo, na nilijua Felista angeipata hii, angepata na nyingine, angepata mpaka azikatae.

Sanduku letu lilikwenda mjini, likarudi Jumanne ya wiki ya kamati. Ya Felista yalikuja majedwali kamili, mazuri, yamepangika kama vigae. Wasichana walimzunguka, Ndugu Mahimbo mwenyewe akatoka akasema, "Hongera, Ndugu Felista." Mie nilipewa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba kazi imesimama. Ya pili ilikuwa orodha ya kadi ambazo Kisu kilizitema, karibu robo ya sanduku. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi na kuanza kufukua dodoso moja moja kuona zimetemwa kwa nini. Nilichukua la kwanza. Mama mmoja aliulizwa anatoka saa ngapi kwenda kuchota maji ya asubuhi. Kaandikiwa kumi na moja. Anarudi saa ngapi? Mbili. La pili, kumi na mbili, anarudi tatu. La tatu, kumi na moja, anarudi mbili na nusu. Nikayatazama mpaka macho yakauma, sioni kosa. Anatoka alfajiri, anarudi asubuhi, kuna ubaya gani?

Halafu nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi. Maisha yangu yote nilikuwa nikiona mshale kwenye kumi na kusema saa nne, na sijawahi kusimama nikajiuliza. Fomu ile ilichorwa na mtaalamu huko kwao, nayo ilihesabu saa za kwao, kuanzia usiku wa manane. Mwanakijiji alijibu kwa saa zetu, karani akaandika alivyosikia, sie tukatoboa tulivyoona. Kwa hesabu ya fomu, mama huyu alitoka saa kumi na moja na kurudi saa mbili ya siku hiyohiyo, yaani alirudi kabla hajaondoka. Kisu, kwa ukali wake, kilisema mtu wa hivyo hayupo, kikamtema. Mwarobaini haukuwa na ukali huo. Ulimpokea, ukatoa kumi na moja kwenye mbili, ukapata tisa chini ya sifuri, ukamchanganya na wenzake waliotoka saa moja wakarudi saa nne, ukapiga wastani na kumkabidhi Felista jedwali safi. Dawa yake ilikuwa rahisi, mstari mmoja wa maelekezo: namba ikizidi sita toa sita, isipozidi ongeza sita. Niliuandika palepale kwa furaha. Na sikufurahi kwa sababu nimepata jibu, bali kwa sababu Felista hakulipata.

Mchana tulikula pamoja kama kawaida, nyuma ya ghala, kwa mama aliyetupikia ugali wa unga wa njano na dagaa. Felista aliviringisha tonge, hakulitia mdomoni. "Zuhura," akasema, "Kisu chako kimekubali kadi zote?" Orodha ya kadi zilizotemwa ilikuwa imekunjwa ndani ya kibindo cha kanga yangu. "Kimekubali," nikasema. "Hakijatema hata moja?" "Hata moja." Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, yeye Mkristo, kwa ajili yangu. "Maana nilikuwa na wasiwasi na ule wastani wa maji. Naona mdogo sana, kama vile kisima kiko mlangoni. Nikasema kama kuna kasoro kwenye zile kadi, Kisu kitaiona, kile hakina msalie mtume. Basi kama kwako kimepita, na mie nimepita." Halafu akala. Akala ugali wake wote, akaniomba na dagaa wangu, nikampa.

Nimewaeleza watu wengi maishani mambo ya kazi yangu ya takwimu, na sijawahi kumweleza mtu mlo ule. Marehemu mume wangu hakuujua. Kosa la Felista halikuwa uvivu. Hakuliona kwa sababu alikuwa Mswahili kama mie: macho yake yalisoma 11 na 02 kwenye kadi, na kichwani ikaja alfajiri na asubuhi, saa tatu za kutembea, sawasawa kabisa. Wasiwasi aliupata, akaupeleka mahali sahihi, kwa mtu mwenye jibu, na mtu huyo akamdanganya macho makavu. Siku tatu zilibaki mpaka kamati. Siku tatu ni nyingi. Jumatano nilimkuta uani anapiga pasi gauni lake la kamati kwa pasi ya mkaa ya Bi Kidawa, nikasema sasa nitamwambia, Bi Kidawa akapita akasema, "Huyu akivaa hili kamati yote itasimama," nikanyamaza. Alhamisi majedwali yangu, baada ya kutuma kadi upya na ule mstari wangu, yalirudi yamenyooka, mwendo wa maji saa tatu, nikayaficha chini ya godoro. Jioni ile alisali kwa ajili yetu sote wawili, kwa sauti, akanitaja jina. Nikasema moyoni, nitamwambia asubuhi kwenye basi. Kwenye basi tulipata nafasi ya kukaa, na bado sikusema.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano, wajumbe saba na jagi la maji. Mmojawapo alikuwa mama mtu mzima, mjumbe wa huko huko Pwani, amejitanda kanga mbili, hajasema neno tangu aingie. Felista aliitwa kwanza. Alipendeza, Mungu shahidi. Alieleza Mwarobaini kwa ufasaha mpaka Ndugu Mahimbo akawa anaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza sentensi. Kisha akafika jedwali la maji. Akasoma kwamba akina mama wengi wa kijiji kile hutoka kuchota maji saa kumi na moja, na kwamba kwa wastani kwenda na kurudi huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Yule mama akainua uso. "Binti," akasema taratibu, "wewe umewahi kuchota maji?" Mtu mmoja akacheka, wakafuata wote. Felista alifungua mdomo. Nilikuwa najua, maana alinihadithia mwenyewe kitandani kwake dirishani, kwamba utoto wake wote aliamshwa gizani kwenda mtoni na debe kichwani mpaka utosi ukaota sugu. Angeweza kusema hivyo. Alitazama karatasi yake, akaitazama tena, na nikaona namna alivyoelewa, palepale, mbele yao. Halafu akageuza shingo akanitazama mie. Mara moja tu, kisha akakaa.

Nikaitwa. Nikasema saa tatu, nikaeleza saa zetu na saa zao, mstari wangu wa toa sita, ongeza sita. Yule mama akapiga makofi peke yake kwanza, kisha wenzake. "Huyu anatujua," akasema. Kisu kikachaguliwa kabla ya chai. Ndugu Mahimbo akanishika mkono kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakuniita mchapakazi. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi mpaka nikasahau kumtafuta Felista, na nilipokumbuka alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta chumbani ameketi kwenye kitanda changu, si chake. "Hongera, Zuhura," akasema. Kisha: "Kisu kilizitema zile kadi, eh?" "Kilizitema." "Lini?" Nikasema, "Jana." Akaitikia kwa kichwa. "Jana," akarudia, akaanza kukunja gauni. Mwezi uliofuata alihamishiwa Sumbawanga, ofisi ya mkoa, kuhesabu magunia ya mahindi. Nilimsindikiza kituoni na sanduku la bati. Bi Kidawa alilia, akaniambia, "Nyumba imekufa." Nilirudi nikahamia kitanda cha dirishani, na sikukipenda.

Ulaya nilikwenda, nikasoma, nikarudi na koti. Niliwafundisha wenzangu Kisu kwa miaka michache, kisha serikali ikapata mashine nyingine isiyokijua Kisu wala Mwarobaini, na yale niliyosoma kwa miezi tisa yakawa hayana kazi. Siwalaumu. Nilipanda vyeo kwa umri na kwa kutochelewa. Kila nilipopata barua ya kupandishwa nilijiuliza Felista yuko daraja gani, na nilikuwa natamani awe chini yangu, na nilikuwa naogopa kuuliza. Hata siku ya kustaafu, watu wanasoma hotuba, mie nilikuwa nafikiria Sumbawanga.

Basi Jumamosi nikaenda Tabata. Nilikuwa nimejipanga. Nilivaa baibui jipya, nikanunua machungwa, nikaweka maneno yangu tayari tangu Kinondoni. Binti yake alinikaribisha, "Shikamoo mama," akatuacha sebuleni na sahani za wali, kisamvu na kuku. Felista alikuwa amenenepa vizuri. Alinieleza maisha yake huku anatafuna. Magunia ya mahindi aliyahesabu mwaka mmoja, akachoka, akaomba kwenda kufundisha hesabu sekondari, na huko ndiko alikozeekea. Mume alimpata huko, mwalimu wa jiografia, wakapata watoto wanne. "Yaani Zuhura, ningebaki Chang'ombe ningekufa na vumbi la kadi," akasema. "Na unajua kila mwaka, kidato cha kwanza, somo langu la kwanza lilikuwa lipi? Ile kamati. Nawasimulia, nawaiga mpaka sauti ya yule mama, 'Binti, wewe umewahi kuchota maji?' Wanacheka, halafu nawaambia sasa tazameni saa ya ukutani." Akacheka kile kicheko, na mie nikasikia kijicho kilekile kinaamka, kibichi, kama vile hakijawahi kulala. Hata aibu niliyompa aliifanya mali.

Nikaweka kijiko. "Felista," nikasema, "sikujua Alhamisi. Nilijua Jumanne. Wakati unaniuliza kule nyuma ya ghala, orodha ilikuwa kibindoni mwangu." Hakuacha kutafuna mara moja. Alimaliza tonge lake, akanawa vidole kwenye bakuli, akavifuta kimoja kimoja. Nilisikia binti yake anafungua bomba uani. "Jumanne," akasema. Nikamwona anahesabu. "Mpaka Ijumaa. Siku tatu." "Siku tatu," nikasema, "na miaka yote hii." Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: anisamehe au anifukuze. Nilikuwa na machozi tayari kwa la kwanza na nauli tayari kwa la pili. Felista alinitazama bila hasira, kwa namna mwalimu anavyomtazama mtoto aliyebaki darasani wenzake wameshatoka.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Mie siku tatu zile nililala usingizi."

Akavuta sahani yangu, akaniongeza kuku, kipande kinene. Nikala chote.